Sauti ni ya Nani?

Mara nyingi katika madarasa ya itikadi tunaulizwa swali hili: je, muziki nao una tabaka? Wanachuo wetu hukubali upesi kwamba shamba lina mwenyewe, kiwanda kina mwenyewe, na gazeti lina mwenyewe. Lakini wakifikia muziki husita. Husema wimbo ni wimbo tu, ukiwa mtamu humpendeza bepari na kabwela sawasawa. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, maana ina chembe ya ukweli ndani yake, na makala haya yanakusudia kuichambua kwa mifano. Hatutatumia mifano ya ngoma na kwaya zetu, kwa sababu kitu ulichokizoea ni vigumu kukiona. Tutatumia mifano ya aina moja ya sanaa iliyoenea sana Ulaya na Marekani katika miaka hii, ambayo makada wengi hawajapata kuiona, lakini ambayo imelishughulikia swali hilohilo kwa bidii.

Sanaa yenyewe ni hii. Msanii hachongi kinyago wala hachori picha ya kutundika ukutani. Huchukua chumba kitupu, au ukumbi, akasimika humo vipaza sauti na nyaya, pengine taa au chombo cha muziki, kisha akavipanga kwa shabaha maalumu. Mtu akiingia huzungukwa na sauti. Haitazami kazi hiyo kutoka nje bali yumo ndani yake. Tuiite sanaa ya kusimika sauti. Msanii anachofanya hasa ni kuiondoa sauti mahali ilipozoea kukaa na kuiweka mahali pengine, ili msikilizaji alazimike kujiuliza imefikaje pale na nani aliyeileta.

Tuanze na piano moja. Mwaka 2008 wasanii wawili wanaoishi Puerto Rico, Jennifer Allora na Guillermo Calzadilla, walionyesha kazi yao katika jumba liitwalo Haus der Kunst mjini Munich, Ujerumani. Jumba hilo lilijengwa na Manazi na kufunguliwa na Hitler mwenyewe mwaka 1937 ili liwe nyumba ya sanaa waliyoiona kuwa safi. Wasanii hao walitoboa tundu la mviringo katikati ya piano kuukuu. Mpigaji husimama ndani ya tundu hilo, akainama na kuvipiga vibao kinyumenyume, huku akiisukuma piano nzima, ambayo imetiwa magurudumu, na kutembea nayo ukumbini. Nyuzi zilizokatwa kupisha tundu haziwezi kulia tena. Kwa hiyo muziki unapofika sehemu ya katikati ya vibao, kinachosikika ni mgongano mkavu wa mbao tu.

Muziki unaopigwa ni ule wa sehemu ya mwisho ya Simfoni ya Tisa ya Beethoven, uliosikika kwa mara ya kwanza Vienna mwaka 1824, na ambao husifu furaha na udugu wa binadamu wote. Hebu tuangalie muziki huo wa udugu umepita mikononi mwa nani. Mwaka 1942 ulipigwa Berlin katika sherehe za kuzaliwa kwa Hitler. Baada ya vita, Ujerumani mbili zilipopeleka timu moja katika Michezo ya Olimpiki ya 1956, 1960 na 1964, ndio uliotumika badala ya nyimbo za taifa za pande zote mbili. Mwaka 1972 Baraza la Ulaya liliufanya wimbo wake, na mwaka 1985 Jumuiya ya Ulaya nayo ikafanya hivyo. Na katikati ya hayo, mwaka 1974, walowezi wa Rhodesia waliouteka uhuru wa wenye nchi tangu 1965 waliuchukua muziki huohuo, wakautilia maneno yao wenyewe, wakausimamia kwa heshima kama wimbo wa taifa lao mpaka mwaka 1979. Ilikuwa ni miaka ileile ambayo Radio Tanzania Dar es Salaam ilivipa vyama vya ukombozi vya Kusini mwa Afrika nafasi ya kusema na wananchi wao kupitia Idhaa ya Nje. Kwa hiyo Salisbury walikuwa na Beethoven na udugu wa binadamu, na mwananchi wa Zimbabwe alikuwa na redio ndogo aliyoisikiliza kwa kujificha.

Hapa ndipo ilipo ile chembe ya ukweli. Noti za muziki, zikichukuliwa peke yake, hazina tabaka. Lakini hakuna aliyewahi kuzisikia noti peke yake. Sikuzote huwa zimeshikwa na mtu, zimepigwa mahali, mbele ya watu fulani, na watu wengine wakiwa wamefungiwa nje. Tabaka limo katika uhusiano huo. Piano yenye tundu inalionyesha jambo hili bila hotuba: muziki wa udugu unaendelea kutembea ukumbini, na pale katikati pana ubao mkavu.

Tukubali pia kwamba si mabepari peke yao wanaopata taabu na nyimbo zao. Ujerumani Mashariki ilikuwa na wimbo wa taifa wa mwaka 1949 uliotungiwa muziki na Hanns Eisler, mwanamuziki mkomunisti wa kweli. Maneno yake yalitaja nchi moja iliyoungana. Siasa ya serikali ilipobadilika mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kuungana kukawa si jambo la kutajwa tena, wimbo uliendelea kupigwa bila kuimbwa, na raia wakasimama kimya kuheshimu wimbo ambao maneno yake waliyajua wote.

Mfano wa pili unatugusa sisi Waafrika moja kwa moja. Katika maonyesho ya sanaa ya Venice ya mwaka 2015, msanii wa Nigeria, Emeka Ogboh, alionyesha kazi iitwayo Wimbo wa Wajerumani. Aliwatafuta waimbaji kumi, wahamiaji wa Kiafrika wanaoishi Berlin, akawaomba kila mmoja auimbe wimbo wa taifa wa Ujerumani kwa lugha ya mama yake. Lugha hizo ni Kiigbo, Kiyoruba, Kibamoun, Kimore, Kitwi, Kiewondo, Kisango, Kiduala, Kikongo na Kilingala. (Kiswahili hakimo, ingawa sisi nasi tulitawaliwa na Wajerumani; labda hiyo ni kazi ya msanii mwingine.) Kila sauti ilirekodiwa peke yake na hutoka katika kipaza sauti chake. Kwa hiyo msikilizaji akisogelea kipaza sauti kimoja husikia mtu mmoja. Akirudi nyuma husikia kwaya nzima.

Ili kuielewa kazi hii hapana budi kujua historia ya wimbo wenyewe. Muziki wake ulitungwa na Haydn mwaka 1797 kumtukuza Kaizari aliyetawala Austria. Mwaka 1841 mshairi Hoffmann von Fallersleben aliutilia maneno mapya, wakati Ujerumani ilipokuwa vipande vingi vilivyotawaliwa na wafalme na watoto wa wafalme, na kudai nchi moja ilikuwa ni kuwachokoza makabaila. Mwaka 1922 ukawa wimbo wa taifa wa Jamhuri. Manazi wakaupenda ubeti wake wa kwanza, wakauimba wakivamia nchi za watu. Tangu 1952 Ujerumani Magharibi, na baadaye Ujerumani nzima, huimba ubeti wa tatu tu, unaozungumzia umoja, haki na uhuru. Wimbo uliozaliwa kumsifu kaizari ukawa silaha ya mabepari waliokuwa wakipanda dhidi ya makabaila, ukaja ukawa sauti ya mafashisti, na sasa ni sauti ya dola la kibepari lenye adabu zake. Muziki haukubadilika hata noti moja.

Sasa wanaingia wale waimbaji kumi. Lugha tatu kati ya hizo, yaani Kibamoun, Kiewondo na Kiduala, ni za Kamerun, iliyokuwa koloni la Wajerumani tangu 1884 mpaka 1916. Mfalme wa Waduala, Rudolf Duala Manga Bell, alisoma Ujerumani na kukijua Kijerumani vizuri. Alipowapinga Wajerumani waliotaka kuwafukuza Waduala katika ardhi yao, alipeleka malalamiko mpaka bunge la Berlin. Walimnyonga Agosti 1914. Kiduala kinapousifu umoja, haki na uhuru wa Wajerumani kutoka katika kipaza sauti, kinasema na watu wanaopaswa kukumbuka jambo hilo.

Tulipoijadili kazi hii darasani wanachuo waligawanyika. Kundi moja lilisema huku ni kujipendekeza: Mwafrika amefika kwa mkoloni wa jana na kumwimbia wimbo wake ili aachiwe kukaa. Kundi la pili likasema la hasha, hapa mwenye wimbo amenyang'anywa. Sisi tunaegemea kundi la pili, kwa sababu moja. Katika ukoloni ilikuwa ni mtoto wa Kiafrika aliyesimama mstarini na kuimba maneno ya watu wengine asiyoyaelewa. Katika chumba cha Ogboh ni Mjerumani anayesimama kusikiliza wimbo wa nchi yake na asielewe hata neno moja, huku akijua vilivyo ni wimbo gani. Kwa dakika chache uhusiano umepinduliwa. Na ilikuwa 2015, mwaka ambao watu karibu 890,000 waliingia Ujerumani kuomba hifadhi, huku maandamano dhidi ya wageni yaliyoanzia Dresden mwaka uliotangulia yakiendelea.

Lakini kundi la kwanza lina hoja ambayo hatuwezi kuiacha. Uhusiano umepinduliwa chumbani tu. Akitoka nje, mwimbaji yuleyule ni mgeni, na sauti yake ileile inaweza kutumika kumhukumu. Hili si neno la mafumbo. Nchi kadhaa za Ulaya, zinapotilia shaka kwamba mwombaji hifadhi anatoka kule anakosema, humrekodi akizungumza, kisha hupeleka sauti yake ichunguzwe na wataalamu wanaosikiliza matamshi na kutoa uamuzi kwamba mtu huyu ni wa huku au si wa huku. Wabajuni waliokimbia vita vya Somalia, ambao ni ndugu zetu wa lugha, wamejikuta Uingereza katika hali ambayo kukubaliwa au kukataliwa kwao kulitegemea Kibajuni chao kilivyosikika katika masikio ya mtaalamu. Kila msomaji wa pwani anajua lahaja inavyokwenda: mtu aliyezaliwa kisiwani, akahamia Mombasa miaka kumi, akaoa kwa watu wengine, hawezi kuwa na matamshi ya mahali pamoja. Maisha ya mkimbizi yamo katika mchanganyiko huo. Mtaalamu anayetafuta matamshi safi anatafuta mtu ambaye vita havijamgusa.

Msanii Lawrence Abu Hamdan, aliyezaliwa Amman mwaka 1985, aliifanyia kazi dhuluma hii. Mwaka 2012 mjini Utrecht, Uholanzi, alikutana na Wasomali kumi na wawili waliokataliwa hifadhi baada ya uchunguzi wa aina hiyo. Pamoja nao na wataalamu wa lugha, walichora ramani zinazoonyesha jinsi njaa, vita na kuhamahama kwa miaka arobaini kulivyozichanganya lahaja za Kisomali hata isiwezekane kuchora mpaka wa matamshi. Tazama tofauti yake na mfano uliotangulia: hapa hakuna muziki hata kidogo. Kuna irabu na konsonanti, na mtu anaweza kurudishwa vitani kwa ajili yake.

Kazi yake nyingine inakwenda mbali zaidi, nasi tunaiona kuwa ndiyo nzito kuliko zote tulizozitaja. Gereza la Saydnaya liko yapata kilomita 30 kaskazini ya Dameski, Siria. Wafungwa walifunikwa macho, au waliwekwa gizani, wakaamriwa wasimtazame mlinzi. Gereza hilo walilijua kwa masikio: mlango, nyayo, mjeledi, gari la chakula. Kusema kulikatazwa kabisa. Mwaka 2016 shirika la Amnesty International na watafiti wa Forensic Architecture wa London waliwahoji walionusurika, na Abu Hamdan akapewa kazi ya kusikiliza kumbukumbu zao. Aliwachezea sauti za viwango mbalimbali na kuwauliza: mlinong'onezana kwa kiwango gani bila kusikika na walinzi? Akalinganisha majibu ya waliofungwa kabla ya maasi ya 2011 na ya waliofungwa baadaye. Mnong'ono ulikuwa umeshuka kwa desibeli 19.

Desibeli hazihesabiwi kama kilo. Desibeli 19 maana yake nguvu ya sauti imepungua yapata mara 80. Yaani baada ya 2011 mfungwa aliyetaka kumwambia mwenzake neno moja alilazimika kulitamka kwa sehemu moja ya themanini ya nguvu aliyothubutu kuitumia mfungwa wa zamani. Hakukuwa na picha wala hati ya kuonyesha kilichobadilika mle ndani, bali ukimya ulibadilika, na ukimya ukapimwa. Mwaka 2017 Amnesty ilikadiria kwamba kati ya watu 5,000 na 13,000 walinyongwa humo tangu Septemba 2011 mpaka Desemba 2015. Abu Hamdan alivisimika vipimo hivyo katika maonyesho, sauti ikishuka hatua kwa hatua mpaka msikilizaji azuie pumzi ili asikie. Gereza lilifunguliwa Desemba 2024, utawala wa Assad ulipoanguka.

Hapa kada makini atauliza: kazi hizi ziko wapi, na ni nani anayezisikia? Ndilo swali lenyewe. Maonyesho ya Venice yaliyobeba kazi ya Ogboh yaliongozwa na Okwui Enwezor, Mnigeria, mtu wa kwanza aliyezaliwa Afrika kupewa kazi hiyo tangu maonyesho hayo yaanze mwaka 1895. Enwezor aliamuru kitabu cha Marx, Das Kapital, kisomwe kwa sauti, juzuu zote tatu, kwa miezi karibu saba, katika ukumbi uliochorwa na David Adjaye, msanifu majengo aliyezaliwa Dar es Salaam. Usomaji huo uliongozwa na msanii Isaac Julien. Na katika msimu huohuo, mjini humohumo, msanii huyohuyo alionyesha filamu iliyogharamiwa na kampuni ya magari ya Rolls-Royce. Wanachuo walicheka sana waliposikia hayo, nasi tukawaacha wacheke. Lakini kucheka si uchambuzi. Ubepari haukukiogopa kitabu hicho, kwa kuwa kilisomwa ndani ya nyumba yake, kwa watu waliolipa kiingilio. Sauti iliyoruhusiwa kwa sababu haimfikii anayehusika ni sauti iliyofungwa, hata kama imepewa kipaza sauti kizuri.

Ogboh mwenyewe, tunadhani, aliliona jambo hili. Mwaka 2017 maonyesho makubwa ya Wajerumani yaitwayo documenta yalifanyika Kassel na pia Athens, wakati Wagiriki walipokuwa bado wanabanwa na masharti ya mikopo iliyoanza 2010, na Ujerumani ikiwa miongoni mwa wenye kudai. Katika jengo la chuo cha muziki cha Athens alisimika wimbo wa maombolezo wa watu wa Epirus, na juu yake akaweka ubao wa taa unaoonyesha bei za masoko ya hisa ya dunia zikipanda na kushuka saa ileile. Wimbo uliomboleza, namba zikakimbia, na wala namba hazikuusikia wimbo. Documenta hiyo, tutaje kwa kupita tu, ilimalizika na nakisi ya mamilioni ya euro.

Basi tukija kwetu, tusidhani kwamba swali la nani ameshika kipaza sauti ni la mabepari peke yao. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwakataza viongozi majivuno na kuwaamuru kuwashirikisha wananchi, na hapana anayeweza kumshirikisha mtu asiyemsikiliza. Chama kina sauti kubwa: kina kwaya, kina hamasa, kina magari yenye vipaza sauti. Lakini masikio yake hayapimwi.

Mwaka mmoja tuliwapa wanachuo zoezi. Tuliwapeleka katika mkutano wa tawi moja, ambalo hatutalitaja, tukawaambia wasiandike yanayosemwa. Waandike sauti tu: nani anasema, kwa dakika ngapi, kwa kipaza sauti au bila kipaza sauti, na ukumbi unafanya nini wakati huo. Mkutano ulichukua saa mbili na dakika arobaini. Nyimbo na salamu zilichukua dakika thelathini na tano. Viongozi wa meza kuu walisema saa moja na dakika hamsini. Wajumbe kumi na mmoja waligawana dakika kumi na tano zilizobaki, na saba kati yao walisema kwa mdomo mtupu, kwa kuwa waya wa kipaza sauti haukufika viti vya nyuma. Mwanachuo aliyeketi huko nyuma aliandika kwamba mama mmoja aliuliza mara mbili kuhusu pampu ya kisima iliyoharibika, mara ya pili kwa sauti ndogo kuliko ya kwanza, na jirani yake akamvuta kanga aketi. Tuliomba tuione kumbukumbu ya mkutano. Iliandikwa vizuri, kwa mashine, kurasa nne. Pampu haikutajwa; chini ya Mengineyo palisomeka kwamba wajumbe walichangia.